Jina Lililoandikwa kwa Penseli

Kiti cha umeme kilichompandisha mzee ghorofani kilikwenda taratibu sana, na ukuta mzima wa ngazi ulikuwa na ukoo wake. Ulikuwa umechorwa kama mti ndani ya fremu ndefu, majina kwa wino mweusi, na juu ya kila aliyeshika cheo kulikuwa na taji dogo la rangi ya dhahabu. Mimi nilipanda kwa miguu kando yake, mkono begani mwake asije akainama mbele. Kila jioni alinitajia watu wake kadiri tulivyowapita. Baroni wa kwanza aliliuzia jeshi ngano, mfalme akampa cheo. Wa pili alikuwa mlevi. Wa tatu alikufa bila mtoto, cheo kikahamia kwa mdogo wake. Wa tano aliuza mashamba yote akabaki na jina tu. Yeye mwenyewe alikuwa wa saba.

Hiyo ilikuwa Kensington, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nikifanya kazi ya kutunza wazee, na jioni nikirudi kwangu Woolwich. Baada ya miezi michache nilijua ukoo ule kuliko ninavyojua wa kwetu Upareni. Mzee akisahau, mimi ndiye niliyemkumbusha.

Chini ya jina lake palikuwa na jina la mtoto mmoja wa kiume, kwa wino. Pembeni yake palikuwa na jina jingine, limeandikwa kwa penseli kwa mkono unaotetemeka. Nilidhani ni mtoto aliyekufa. Kumbe ndiye yule bwana aliyekuja kila Jumanne na Ijumaa kumkata baba yake kucha.

Alikuwa fundi piano, mrefu, mwenye vidole vyenye makovu. Nilimfundisha kuamkia, naye akawa ananipigia kelele tangu mlangoni.

"Shikamoo!"

"Wewe umenizidi umri. Mimi ndiye ninayepaswa kukuamkia."

"Basi niamkie. Hakuna mwingine katika nyumba hii anayenipa heshima."

Alisema akicheka. Siku moja, tukinywa chai jikoni wakati mzee amelala, nilimuuliza kwa nini jina lake liko kwa penseli.

"Kwa sababu mchoraji alikataa kuliweka kwa wino," akasema. "Nilizaliwa wakati wa vita. Mama alikuwa mshonaji. Baba alimuoa nikiwa na miaka mitatu, ndipo akazaliwa mdogo wangu."

"Mama huyo huyo?"

"Huyo huyo. Na baba huyo huyo. Lakini aliyezaliwa kabla ya harusi harithi cheo, hata wazazi wakioana baadaye. Ndiyo sheria ya vyeo."

"Tumbo moja, baba mmoja!"

"Harusi ndiyo haikuwa moja," akasema, akaongeza sukari. Kisha akaniuliza, "Wewe una watoto wangapi?"

"Wawili," nikajibu.

Nilijibu upesi kwa sababu nilikuwa nimezoea. Ukweli ni kwamba nilikuwa na watatu. Wa kwanza nilimpata nikiwa kidato cha nne, na binti wa kijiji cha jirani. Yeye alifukuzwa shule, mimi nikafanya mtihani. Mtoto, wa kiume, alilelewa kwa kina mama yake. Nilipofunga ndoa kanisani mke wangu alijua, na wala hakuniwekea sharti. Ni mimi niliyeacha kumtaja, nikaona kimya kimekubalika. Watoto wetu wa London hawakujua kwamba wana kaka.

Jioni ile nilifika nyumbani nimekasirika kwa niaba ya fundi piano.

"Hawa Waingereza wana roho ngumu," nikamwambia mke wangu. "Mtu anamkata baba yake kucha, halafu cheo anapewa yule anayekuja Krismasi tu!"

Alikuwa akikunja nguo. Aliniangalia kidogo. "Wenye roho hizo hata kwetu wapo, baba watoto," akasema, akaendelea kukunja.

Wiki chache baadaye simu ililia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akataja jina lake. Sikuwa nimeitambua sauti ya mwanangu. Alikuwa anapiga kutoka posta ya Same, akasema dakika zake ni chache. Alikuwa amepata mchumba. Wazee wa upande wa binti walikuwa wamempokea mshenga vizuri, ila walitaka kumwona mtu wa upande wa baba, wajue kijana ni wa ukoo gani.

"Sikuombi hela, baba. Mpigie tu baba mdogo. Aende siku ya posa akakae pale, aseme mimi ni wenu. Basi."

Binti yangu alikuwa anapita koridoni na bakuli la nafaka za asubuhi, ingawa ilikuwa mchana. Akauliza kwa Kiingereza, "Nani huyo, Dad?"

"Mtu wa nyumbani," nikamjibu kwa Kiswahili, na simu nimeishika mkononi.

Nikairudisha sikioni. Nikamwambia, "Nitaona."

"Haya, baba. Asante."

Ndugu yangu angekwenda. Kwa miguu ni asubuhi moja tu. Lakini kumwambia aende ilikuwa ni kumtangaza yule kijana mbele ya kijiji kizima, na wakwe zangu wakiwemo, kisha habari zirudi Woolwich zikae nasi mezani. Nikasema nitapiga Jumapili. Jumapili nikasema nisubiri mwisho wa mwezi. Siku ya posa ikapita nikiwa kando ya kile kiti cha umeme, namkumbusha mzee kwamba baroni wa nne alikuwa na ugonjwa wa gauti.

Mzee alifariki wakati wa baridi. Yule mdogo akawa baroni wa nane, akatuma watu wawili na gari kuchukua vitu. Fundi piano alisimama ngazini akiwasaidia kuteremsha ile fremu. Akawaonyesha namna ya kuizungusha pale kwenye kona ili kioo kisivunjike. Aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilitaka kumwambia kwamba nina watatu. Nikamwambia pole.

Ilipita miaka mingine kumi kabla sijakwenda Upareni. Mke wangu ndiye aliyesema, "Nenda. Umechelewa, lakini nenda." Mwanangu alinipokea kwa heshima. Mkewe alinishika mkono akanionyesha kiti. Binti yao, wa miaka kama saba, aliniamkia, "Shikamoo, babu," kama anavyomwamkia mzee yeyote barabarani, kisha akamgeukia baba yake.

"Huyu ni babu wa nani?"

"Ni mgeni wetu," akasema mwanangu. "Ametoka Uingereza."

Hakusema kwa ubaya. Nilimuuliza mtoto jina lake kamili, akalitamka kwa madaha, na mwisho wake ulikuwa ukoo wa mama yake mwanangu. Mjomba wa mwanangu ndiye aliyekwenda kukaa siku ile ya posa, akasema kijana ni wetu. Alikuwepo pia siku niliyofika, mzee kama mimi, amevaa koti, anacheka na mtoto.

Walinichinjia kuku. Mimi nilipewa paja, kama anavyopewa mgeni, na mchuzi mwingi. Nilimtazama mwanangu akipakua kwa mikono inayofanana na yangu. Kwetu firigisi haigawanywi, hupewa baba. Aliitafuta kwa kijiko ndani ya sufuria, akaipata, akaiweka kwenye sahani ya mjomba wake.

Nikala paja langu. Lilikuwa limepikwa vizuri.