Uzi wa Kiuno cha Bi Mdogo

Mama yake Fundi alipokufa alimwachia mkasi, sindano tatu na kazi ya kuwashonea wake wa mfalme. Hakumwachia neno la ziada, maana marehemu alikuwa mtu wa kumeza maneno. Fundi naye alirithi hilo. Miaka ishirini aliingia vyumba vya ndani akiwa na pini mdomoni, na mwenye pini mdomoni haulizwi umbea.

Kila mke alikuwa na uzi wake wa kipimo. Mwezi ukiandama, Fundi aliuzungusha kiunoni na kufunga fundo pale ulipokutana. Uzi wa Bi Mdogo, mke wa mwisho, ulikuwa na mafundo yaliyorundikana mahali pamoja, kisha manne yaliyosogea nje, moja baada ya jingine.

Manne! Na mfalme alikuwa amerudi kutoka vitani miezi miwili tu iliyopita, baada ya kukaa huko karibu mwaka mzima. Aliyejua kuhesabu angejua mimba ile si yake.

"Fundi," Bi Mdogo alisema asubuhi ile, akimshika mkono kwa vidole vya baridi, "Bi Mkubwa anautaka uzi. Anautaka sasa hivi."

Bi Mkubwa, mama wa mfalme, alikuwa amemtoa mke aliyetangulia kwa mlango wa nyuma, kwa kosa dogo kuliko hili. Mtumishi wake alitolewa naye. Hakuna aliyewaona tena, wala aliyethubutu kuuliza.

"Mwanangu, umetutia motoni sote wawili." Fundi alikuwa na hasira kweli kweli, akatamani kumzaba kofi mke wa mfalme. Lakini binti wa watu alikuwa akitetemeka mpaka bangili zinalia. "Haya, kaa chini. Na uache kulia, utavimba macho watu waulize."

Alifungua mafundo mawili kati ya yale manne kwa ncha ya sindano, akaulowesha uzi, akauvuta. Mikunjo ikanyooka. Ila uzi wenyewe ulikuwa umeingia rangi ya udongo kwa kushikwashikwa, na pale mafundo yalipokuwa pakabaki vidoa viwili vyeupe pe. Akavisugua kwa kiganja, akavisugua kwa vumbi la sakafuni. Mjakazi wa Bi Mkubwa akabisha hodi.

Bi Mkubwa alikuwa peke yake chumbani mwake, dirisha wazi. Hakumkaribisha kuketi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Ndiyo maana mimi huanza na washonaji. Lete."

Aliupitisha uzi vidoleni taratibu, fundo kwa fundo. Vile vidole vya kizee vikafika kwenye doa la kwanza, vikasimama. Vikafika la pili, vikasimama tena.

"Umetumia vumbi," Bi Mkubwa alisema.

Fundi alikificha nyuma kiganja chenye vumbi.

"Vumbi linapukutika, mwanangu. Chukua masizi ya chungu, uchanganye na mafuta kidogo. Mama yako alipaka hayo, na wazee saba wa baraza wakaushika uzi wangu mmoja baada ya mwingine wasione kitu." Akamrudishia. "Kapake. Kesho watauomba."

Fundi aliuzungusha uzi kiganjani. Chini uani mfalme, mwana pekee wa mwanamke huyu, alikuwa akicheka kwa sauti na askari wake. Bi Mkubwa alimsikiliza kidogo, kisha akainuka akafunga dirisha.