Karavani ya Ochola na Mabati ya Loice

Loice alikuwa na mabati kumi na sita chini ya kitanda, na kwa miaka minane alilala juu yake kama kuku anayeatamia. Hayo yalikuwa mabati ya nyumba yake ya nyumbani, Ugenya, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Mwaka ule wa 1974 bati jipya halikupatikana Kampala ila kwa magendo, kwa hiyo mwanamke mwenye kumi na sita alikuwa mtu wa maana, hata kama alikaa chumba kimoja Kisenyi, nyuma ya gereji, chini ya paa linalovuja.

Siku aliporudi kutoka sokoni akainua shuka na kukuta sakafu tupu, alidhani ni wezi. Heri wangekuwa wezi! Mwizi unampigia mayowe, majirani wanakuja. Huyu alikuwa mume wake, Ochola, fundi wa kunyoosha bodi za magari, naye alisimama mlangoni akitabasamu.

"Mama Akoth, usianze kupiga kelele," alisema. "Nimekupatia nyumba nzima."

Nyumba yenyewe ilikuwa karavani, lile trela la kulala ambalo Wazungu walilivuta nyuma ya gari wakienda matembezi. Mwenyewe, Mhindi mmoja wa Old Kampala, aliiacha uani serikali ilipowapa Wahindi siku tisini waondoke nchini. Jumba lake sasa lilikuwa la Sajenti Muhamadi, ambaye ndani ya karavani alifuga kuku.

"Mimi iko nataka mabati, wewe iko nataka nyumba," sajenti alikuwa amemwambia Ochola. "Sasa maneno mingi ya nini?"

Ochola naye hakuwa na maneno mengi. Alitoa mabati ya mke wake, akaondoka na banda la kuku.

Msimcheke haraka, maana alikuwa na hoja. Kwao Ugenya mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Mkubwa wa Ochola aliitwa Oketch, na Oketch kila mwaka alisema atajenga mwakani. Kwa ajili ya uvivu wa mtu mmoja, Loice, mama wa watoto watatu, akienda kwa wakwe zake alilazwa kwenye kibanda cha ujana cha mumewe, chenye mlango usiofunga, na wake wengine wa ukoo wakimuuliza kwa upole wa uongo kama amelala vizuri. Lakini karavani, Ochola alieleza, haijengwi. Inavutwa. Nani angeweza kusema kwamba yeye amejenga?

Loice alitafuta kosa katika hoja hiyo asilipate, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Ukarabati ulichukua miezi minane. Mbao za sakafu zilikuwa zimeoza, ukikanyaga unatokea chini. Mpira wa madirisha ulikatikakatika kama mkate mkavu. Ochola aliziba kuta kwa boneti za malori yaliyokufa. Alifungua kitu kimoja kukitengeneza, akakuta vitatu vilivyoharibika, akaviacha vyote wazi akaenda kutafuta magurudumu. Loice alisugua mavi ya kuku kwa maji ya majivu, kwa kuwa sabuni nayo ilikuwa imehama nchi. Kila jioni aliuliza, "Bado?" na kila jioni akajibiwa, "Imebaki kidogo." Kile kidogo kilikuwa hakiishi.

Kisha ikaja rangi. Ochola aliisaka mji mzima, akapata debe moja la kijani, akaipaka karavani yote kabla mtu hajamuuliza swali. Sajenti Muhamadi alipopita gereji alisimama ghafla.

"Hii rangi ya jeshi! Nani napa wewe ruhusa? Askari ya barabara taona, tamaliza wewe!"

Siku zile mtu angeweza kupotea kwa kosa dogo kuliko hilo. Ochola aliikwangua rangi yote kwa siku tatu, hata bati likabaki tupu, likang'aa. Sajenti alikuja kukagua, akaomba kuku mmoja, akaenda zake.

Hatimaye ikawa tayari. Dereva mmoja wa Kenya alikubali kuivuta kwa lori lake Jumamosi, hadi Ugenya. Kilichobaki ni Oketch, kwa kuwa bila ruhusa ya kaka mkubwa hakuna kitu kinachoingia katika boma la marehemu baba yao. Oketch alifika Alhamisi, njaa ikiwa imemtangulia, na mvua ikiwa nyuma yake. Mvua ile ilizima jiko la Loice uani na kumwaga maji chumbani. Mgeni hawezi kukaa na njaa. Loice, aliyechoka mpaka kwenye mifupa, alibeba jiko la makaa akalitia ndani ya karavani, akawasha, akapika ugali na samaki. Oketch alijitupa kwenye kitanda cha mbao kilichokuwa nyuma kabisa, akala, akaongezewa. Ochola pia alikula.

Kisha Oketch akajifuta mdomo, akatikisa kichwa.

"Shemeji, pole sana. Hii haiji nyumbani tena. Moto wa kwanza umewashwa humu, mke amepika, mume amekula. Boma la mtu liko pale moto wake wa kwanza ulipowaka. Nyumba hii imeshafunguliwa hapa Kisenyi."

Ochola aliweka sahani chini. Loice alijua kwamba ni kweli. Alilijua tangu utotoni, akalisahau kwa sababu ya tumbo la huyu huyu Oketch. Miaka minane ya mabati! Alitaka kumrushia sufuria. Badala yake aliinama, akamtazama vizuri mahali alipokaa.

"Kwa hiyo hii ni nyumba yangu, shemeji?"

"Ni nyumba yako kabisa."

"Basi wewe, uliye kama baba mkwe wangu, umekalia kitanda changu."

Oketch aliruka akagonga kichwa darini. Kaka mkubwa hagusi kitanda cha mke wa mdogo wake. Mkosi wake hauoshwi kwa maji. Alikuwa tayari mlangoni, mguu mmoja mvuani.

"Hii si nyumba!" alisema. "Ni gari. Gari tu!"

"Paza sauti, majirani wasikie."

"Ni gari!"

"Na gari halina moto wa kwanza. Huo nitauwasha Ugenya, Jumapili, na wewe utakuwepo."

Loice alikaa kitandani akalia, kwa hasira iliyochanganyika na furaha. Oketch alipewa samaki wake aliyebaki kupitia dirishani, akamalizia kula amesimama nje kwenye mvua.