Alama ya Msumari Chini ya Pikapu

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, miguu miwili imetokeza chini ya pikapu kuukuu. Ni ya fundi ambaye mtaa mzima humwita Dada Spana. Amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, koleo mkononi, akibana mpira wa mafuta yasimmwagikie usoni.

Mwenye gari, mzee mfuga kuku, amechuchumaa pembeni na hampi hata nafasi ya kupumua.

"Hiyo filta usiipeleke nyuma ya gereji," anamwambia. "Ifungulie hapa hapa, niione."

Dada Spana hakasiriki. Anasema fundi gari hushukiwa hata akiomba maji ya kunywa, na wapo wenzake wanaostahili.

Pikapu hii ilibadilishwa filta ya mafuta wiki iliyopita, katika gereji hii hii, na kaka yake. Bado inakohoa kila ikikuta mlima. Juzi ilizima njiani, kuku kadhaa wakafia kwenye matenga kwa joto.

Klipu zinalegea, filta inadondokea kiganjani. Anaifuta kwa kitambaa na kumpa mzee. Mzee anaigeuza, kisha anamwonyesha mikwaruzo miwili iliyopishana ubavuni.

"Hii alama niliiweka mimi kwa msumari kabla sijamletea kaka yako gari," anasema taratibu. "Sasa niambie mwanangu, mpya niliyolipia iko wapi?"

Kaka ndiye aliyemfundisha Dada Spana kazi baba yao alipofariki, akamnunulia na spana za kwanza. Alidhani anamjua ndani na nje.

Kaka anaitwa. Anakuja akijifuta mikono ambayo tayari ni safi.

"Dukani zilikuwa zimekwisha, mzee. Niliisafisha tu kwa muda. Ningekwambia."

"Ungeniambia lini? Kuku wakiisha?"

Dada Spana anakwenda dukani mwenyewe, ananunua filta kwa fedha zake, karibu kipato chote cha siku, na kuifunga mshale uliochorwa ubavuni ukielekea kwenye injini. Gari linawaka, linanguruma bila kukohoa. Mzee anaondoka na filta ya zamani mfukoni, bila kuaga.

"Kinachoniuma si fedha," anasema Dada Spana. "Sasa kila gari alilogusa Kaka nalitilia shaka. Kuna mama muuza mkaa alirudi hapa na gari lake mara tatu, tukamwambia anauziwa mafuta machafu. Yule mama nitamtazamaje?"

Jioni hiyo anapanga kumpigia simu mama huyo alirudishe gari, naye Dada Spana alifungue mbele yake. Pia anaweka akiba apange banda lake mwenyewe ng'ambo ya barabara, ambako mteja ataondoka na kila kifaa kilichotolewa kwenye gari lake.

Na kaka yake? Anamtazama akijifanya kutafuta kitu kwenye sanduku la vifaa.

"Nitakwenda naye. Ni damu yangu, nimtupe wapi?" anasema, kisha anashusha sauti. "Lakini ufunguo wa stoo ya vipuri nitalala nao mimi."