Cherehani Imelia

"Yule binti kamfungia mamake ndani kama kuku mwizi!" jirani alisambaza mtaa mzima.

Mama Kichanga, jirani mwingine mwenye mtoto mgongoni, hakuamini. Tangu mama huyo, fundi cherehani, apate ugonjwa wa akili, bintiye ndiye aliyekuwa akimpa dawa, akafunga mlango wasije wakamchungulia wenye midomo. Kila asubuhi alitunga uzi kwenye sindano ya cherehani, huenda mama akaamka na hamu ya kushona.

Leo cherehani ililia! Binti akatoka mbio, miguu peku, hadi kwa Mama Kichanga.

"Dada, mama anashona! Shuka kashona, matambara ya jikoni kashona, vya kushona vimekwisha!" Akamshika mkono. "Huna nguo ya mtoto iliyochanika? Kama huna, ichane! Upesi, asije akarudi kitandani."