Neno la Kinorwe na Jiwe la Nyanya

Enzi zetu unga haukutoka dukani. Nyanya alipiga magoti uani mbele ya jiwe pana la kusagia, akasukuma juu yake jiwe dogo la mkononi, mbele na nyuma, hadi nafaka ya wimbi ikaanza kunukia joto. Sisi wajukuu tuligombea kulamba unga uliobaki pembeni, na wavulana walishindana kulinyanyua lile jiwe la chini. Hakuna aliyeweza. Nyanya alikuwa akicheka na kusema, "Jiwe jepesi hukimbizana na wimbi. Zito ndilo linalosaga."

Miaka mingi baadaye nilikuwa mpishi katika nyumba ya Wanorwe, Al Rayyan, karibu na Doha. Kwenye boksi la mashine yao ya kusagia kahawa niliona neno kaffekvern. Kaffe nililikisia. Nikamuuliza madamu hiyo kvern ni nini. Akasema ni jiwe la kusagia nafaka, nyanya yake alikuwa nalo shambani. Nilidhani ananitania.

Siku yangu ya mapumziko nikalifuatilia neno hilo mtandaoni, lugha baada ya lugha. Lina ndugu katika Kiingereza, Kirusi, hata lugha ya kale ya Wahindi. Wataalamu wengi huona kwamba mzizi wake wa mbali ulimaanisha uzito. Nikarudia kusoma. Nyanya hakuwahi kufika hata Nairobi, na alisema lilelile.

Nikampigia ndugu yangu mdogo, Wafula, nimsimulie. Kumbe alikuwa anajenga pale uani kwa nyanya, na kesho yake fundi angelitumbukiza jiwe la nyanya kwenye msingi, lifukiwe na zege. Nikamsihi asiliguse.

"Dada, jiwe ni jiwe," akasema. "Ukilitaka sana, lipandishe ndege lije huko Doha."

Kesho yake alipiga mwenyewe. "Limekataa. Vijana wanne wa fundi, wote waliolelewa kwa unga wa paketi, wamesukuma na halikutikisika. Fundi ameamua kutafuta mawe mengine."

"Hata jina lake kwa Kinorwe ni hilo," nikamwambia. "Zito."

Sasa naishi Al Mansoura, hapa Doha, na unga wa wimbi nanunua dukani chini ya nyumba. Ni laini, na uji wake ni mzuri. Hauna tu ule mchanga mdogo wa jiwe uliolia kati ya meno, ambao enzi zile tuliulalamikia kila asubuhi.