Chatu wa Filemon na Jina la Mume Wangu

Mume wangu, Kornel, hakuua nyoka wa mtu yeyote. Nasema hivyo kwa sababu hapa Kibosho wapo wanaotoka misa ya kwanza na kusimulia kwamba yeye, aliyekuwa Bwana Mifugo wetu, aliwapulizia nyoka dawa ya wadudu wakaoza. Mimi nilikuwepo. Wao hawakuwepo.

Ilikuwa masika, miaka ile ya Ujamaa. Filemon alikuwa na mabanda ya nyoka pembeni mwa mji wa Moshi, na wanafunzi walipelekwa huko kuwatazama. Nyoka walipoingiwa na utitiri alimwita Kornel, naye akawapulizia dawa. Baadaye swila mmoja akafa, na chatu jike akatoka vidonda, magamba yakawa ya kahawia na kubanduka. Filemon akasimama sokoni, akatangaza kwamba Kornel amemharibia mali na kwamba atamshtaki kwa wakubwa wake wafukuze mtu asiyejua kazi. Kazi ile ndiyo iliyokuwa jina letu.

Kornel hakwenda sokoni kujibu. Alikwenda bandani, nami nikafuatana naye. Filemon alitusubiri amenuna. Melkior, mtunzaji wa nyoka, alimshika chatu kichwa huku akitabasamu.

"Shikamoo, Bwana Mifugo. Umekuja kummalizia?"

"Marahaba. Mgeuze tumbo."

Mgongo ulikuwa safi, unang'aa. Vidonda vyote vilikuwa tumboni.

"Dawa niliipuliza kutoka juu," Kornel alisema. "Ingeunguza mgongo kwanza."

Alikwangua magamba ukingoni mwa kidonda, na mengine mazima, akayapeleka maabara ya mifugo. Aliyalainisha, akayaweka chini ya hadubini, kisha akaniita. Mimi ni mwalimu, najua kutazama. Kwenye gamba zima sikuona kitu. Kwenye gamba bovu niliona nyuzi nyembamba zikigawanyika kama mizizi ya mche wa kahawa.

"Kuvu," alisema. "Sasa tutafute inakopata unyevu."

Tuliporudi bandani alifunua matandiko. Kila jioni Melkior alitandika majani mabichi ya migomba juu ya yale ya jana, kama sisi sote tunavyowatandikia ng'ombe wa ndani. Chini kulikuwa kumelowa, kunanuka, na banda la yule swila aliyekufa lilikuwa vivyo hivyo.

"Ng'ombe wa mama yangu hajawahi kulalamika," Melkior akajitetea.

"Ng'ombe wa mama yako ana kwato. Huyu anatembea kwa tumbo."

Filemon akacheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Majani yalitolewa, banda likakaushwa na kutiwa joto, vidonda vikapakwa ayodini kila asubuhi. Haikuwa kazi ya haraka. Lakini chatu alipojivua, ngozi mpya ilikuwa na makovu tu, na wanafunzi wakaanza kuletwa tena.

Ndipo Filemon alipopanda mpaka kwetu ameshika jani la isale. Mtu akija kuomba radhi na jani hilo, kwetu hafukuzwi. Kornel alilipokea uani, majirani wakishuhudia, kisha wakaingia ndani wakazungumza. Kornel alibaki Bwana Mifugo mpaka alipofariki.

Majirani hao hao huniuliza Filemon alisema nini walipoingia ndani, na nani aliyemtia maneno yale ya sokoni. Isale ikishapokelewa, jambo limekwisha. Yaliyotendeka mbele ya watu nimeyaeleza. Ya ndani siyasemi, na asije mtu mlangoni kwangu kuniuliza.