Shairi la Hira

Weris binti Guled anauza maziwa ya ngamia sokoni Burao, hatua tatu kutoka meza yangu ya chai. Miaka ishirini nimemsikia akigombana na kila mtu, mimi wa kwanza. Mwezi mmoja akanyamaza, nikajua kuna jambo.

Usichanani mwake ukame uliwamaliza ngamia wote wa kwao, kisha ukamchukua mama yake. Weris akatunga shairi la kumlilia Hira, ngamia jike wao wa mwisho, na katikati akaweka maneno yaleyale ambayo mama alimwitia Hira jioni. Sasa mjukuu wake Ubah anaolewa, bibi anataka kulisema lote, na pale katikati pamemtoka kichwani.

“Sauti yake naikumbuka,” aliniambia. “Maneno sina.”

“Si utie mengine tu? Nani atajua?”

Alinitazama kana kwamba nimetemea maziwa yake mate. “Mwizi we! Nimtilie marehemu maneno mdomoni?”

Nikajinywea chai yangu. Kwetu shairi hubebwa kama lilivyo, na anayelisema humtaja kwanza aliyelitunga. Hata mtunzi mwenyewe haruhusiwi kulitia viraka.

Siku ya harusi wanawake tulikaa duara chini ya turubai, ngoma ikalia. Weris akaanza vizuri, akafika pale pale, akakwama. Ngoma ikasita. Nilimwonea huruma.

Ndipo akainuka Kinsi, shangazi wa bwana harusi. Yeye na Weris hawakuwa wamesemezana tangu wakiwa wasichana.

“Shairi hili si langu,” akasema Kinsi. “Ni la Weris binti Guled. Nililihifadhi siku ileile alipolisema kisimani, kwa sababu ndani yake amenitukana.”

“Mimi? Nimekutukana wapi?”

“Tulia, bibi wee, utasikia.”

Akalisema neno kwa neno, kuanzia pale Weris alipokwama. Tukasikia kwamba Kinsi ni mvivu hata wa kufukiza chombo cha maziwa kwa moshi yasichache, na kwamba maziwa yake mbwa huyanusa akaenda zake. Turubai zima lilicheka. Weris alicheka kuliko sote akajishika mbavu, maana hata tusi alikuwa amelisahau! Kisha Kinsi akapunguza sauti:

“Njoo Hira, mwanangu, njoo.
Kivuli kimerefuka, ndama wako analia.
Moto nimeuwasha, njoo tulale sote.”

Weris akakaa chini mkekani, mtandio mdomoni, machozi yanamtiririka na uso unang'aa.

“Miaka arobaini na mitatu shairi la kukujibu tusi hilo ninalo,” Kinsi akamwambia. “Leo utanitambua.”

“Nijibu, dada. Nichane vipande vipande,” akasema Weris. “Lakini kwanza rudia pale mama anapoita.”

Kinsi akarudia. Akarudia mara tatu, ya tatu tukiitikia sote na ngoma juu, na jibu lake akaliweka hadi kesho.